Fundi wa Kamukunji naye apate kinga

Fundi wa Kamukunji akibuni jiko jipya, haupiti muda jirani ameshaliiga. Tumezoea kumlaumu jirani. Lakini Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001 ina mlango wa bei nafuu usiotangazwa vya kutosha: kinga ya uvumbuzi mdogo. Haidai maajabu, inatosha kifaa kiwe kipya na kiweze kuzalishwa kiwandani, na hudumu miaka 10. Hataza (patent) kamili hufika miaka 20, ila ada zake hulipwa kila mwaka, na kuandika madai yake bila wakili ni kujitafutia hasara.

Aliyekwisha kukionyesha kifaa chake hadharani bado ana miezi 12 ya kuwasilisha ombi nchini Kenya. Ulaya kwa kawaida haina huruma hiyo, kwa hiyo anayelitamani soko la huko afunge mdomo kwanza.

Tunaitaka KIPI, taasisi inayosajili mali ya viwandani nchini, ipeleke maofisa Kamukunji na Gikomba, wakiwa na fomu za Kiswahili, na ikubali ada ya fundi wa jua kali ilipwe kidogo kidogo.