Kuchuliwa Misuli Si Anasa

Hapa Moshi wapo wazee wenzangu wanaodai kwamba kuchuliwa misuli ni starehe ya watalii washukao Kibo, tena ni aibu kwa mtu mzima. Nimefundisha chuo cha ualimu. Hoja dhaifu naijua. Mbona mzazi hukandwa kwa maji ya moto, wala hachekwi? Na mpagazi aliyepandisha kilo 20 hadi Barafu, yeye ndiye wa kuambiwa avumilie?

Wewe uendaye mara ya kwanza, vua unachoridhia tu. Ukiumia, sema (wanaume hunyamaza na kukunja uso). Ila mguu mmoja ukivimba na kuuma, usikubali uchuliwe: huenda damu imeganda mshipani, nayo yaweza kung'oka ikaenda mapafuni. Hapo shika njia ya KCMC siku hiyohiyo.