Shetani Hajui Kushika Penseli

Juzi mhubiri mmoja aliyesimika spika zake kwenye kiwanja kimoja hapa Songea alinyanyua fulana nyeusi ya mtumba, akaionyesha kulia na kushoto, akatangaza kuwa herufi nne za kifuani na radi inayozigawa ni sahihi ya Ibilisi. Herufi zenyewe ni AC/DC. Kwa tafsiri yake, hilo ni jina la siri la Mpinga Kristo na mtoto wake. Bodaboda wawili watatu wakavua za kwao, wakabaki na vesti. Fulana zikapigwa kiberiti, watu wakishangilia.

Nimechoka na imani hii. Kwanza kila msanii wa Bongo Fleva aliyenunua gari aliitwa Freemason. Sasa tumefika kwenye belo la mitumba. Fuvu kwenye stika ya pikipiki? Freemason. Mdomo mwekundu uliotoa ulimi? Freemason. Mtu akiona picha asiyoielewa hajiulizi nani kaichora, anauliza pepo gani kaituma. Mchoro una mchoraji, jamani. Ana jina, alishika penseli, na mara nyingi alikuwa na njaa.

Huo ulimi mwekundu wa bendi ya Rolling Stones, kwa mfano, ulichorwa mwaka 1970 na John Pasche, mwanafunzi wa sanaa jijini London, akalipwa pauni 50. Shetani gani huyo anayewakopa watu roho zao halafu anamlipa fundi wake pauni 50?

Turudi kwenye AC/DC. Bendi hiyo ilianzishwa Australia mwaka 1973 na ndugu wawili, Malcolm na Angus Young. Jina walipewa na dada yao Margaret, aliyeliona limeandikwa kwenye cherehani ya umeme. Ni aina mbili za umeme tu: ule unaogeuzageuza mwelekeo na ule unaokwenda upande mmoja. Mhubiri wetu akigeuza adapta ya kinanda chake cha kusifu na kuabudu, atazikuta herufi hizo hizo mgongoni. Aichome na hiyo.

Bado sijamaliza. Herufi zile zenye ncha zilichorwa na Mmarekani Gerard Huerta kwa ajili ya albamu ya mwaka 1977, naye mwenyewe ameeleza alikozitoa: kwenye Biblia ya Gutenberg, iliyochapwa Mainz, Ujerumani, miaka ya 1450. Biblia! Wazee waliofanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji cha Wabenedikto pale Peramiho wangemweleza mhubiri hilo bila hata kuvua miwani. Kwa hiyo kilichoungua kiwanjani ni mwandiko wa Maandiko Matakatifu, na aliyewasha moto alikuwa ameshika Maandiko hayo hayo mkono wa pili.

Kuna waliojaribu kunijibu kijiweni. Mmoja aliniambia kijana wa mtaani kwao alivaa fulana ya fuvu, wiki ile ile akaanguka na pikipiki. Alianguka wapi? Kwenye shimo. Shimo hilo ninalijua, limekuwepo tangu wapiga kura wa leo wakiwa chekechea, limewaangusha walevi, wakunga na katekista mmoja aliyevaa shati jeupe la mikono mirefu. Ndugu zangu, tuombeeni lami kwanza, mapepo yatasubiri.

Na wanaosema mambo haya ni ya Wazungu, mimi huwapeleka Zanzibar. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza. Kijana akaingia chuo cha sanaa cha Ealing kusomea usanifu wa michoro, akahitimu mwaka 1969. Alimhusudu sana mpiga gitaa Jimi Hendrix, na mapenzi hayo aliyamwaga kwenye karatasi: akamchora, akamrudia tena. Shabiki mwenye penseli, basi. Baadaye dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury wa bendi ya Queen, na nembo ya bendi aliichora kwa mkono wake: simba wawili, kaa, vibinti wawili wenye mabawa, na ndege mkubwa juu yao. Ni nyota za wenzake na yake mwenyewe, yaani Simba, Kaa na Mashuke. Najua mtadandia hapo, unajimu! Haya, anzeni na magazeti yanayochapa ukurasa wa nyota, ambayo nusu yenu huanza kuyasoma kutokea huko. Mwaka 2006 walikuwepo Unguja waliopinga sherehe ya kumbukumbu ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake, ikafutwa. Leo makumbusho yake yako Mji Mkongwe na wageni wanalipa kiingilio.

Huku kwetu kijana wa namna hiyo angekuwa anachora ukuta wa saluni, kama kazi hiyo ingekuwepo. Haipo. Mabango ya plastiki ya kuchapa yamewamaliza mafundi wa rangi, na kila nguzo sasa ina uso wa mgombea anayetabasamu hata mvua ikimchanja. Hayo hakuna anayeyakemea, ingawa yananitisha kuliko fuvu lolote.

Lakini kinachonichefua zaidi ni unafiki. Edward Saidi Tingatinga, baba wa uchoraji unaobeba jina lake, ni mzaliwa wa Tunduru, mkoa wetu huu huu, na mtindo aliouacha alipofariki mwaka 1972 umejaa viumbe wa ajabu wenye macho ya kutisha. Wamakonde nao wana vinyago vinavyoitwa mashetani, bila kificho, tangu enzi za Samaki Likankoa miaka ya 1950. Mashetani ya marehemu George Lilanga yamefika hadi Ulaya, tukapiga makofi, tukaita urithi wa taifa. Hakuna aliyechoma kitu, kwa sababu mteja ni mtalii na analipa dola. Fulana ya bodaboda ya shilingi elfu tano ndiyo yenye mapepo.

Basi wanaotaka kuteketeza mashetani wapande basi la Dar es Salaam, washukie Mwenge, waingie kijiji cha wachonga vinyago na viberiti vyao, wawaambie wale wazee wenye patasi kwamba wametumwa na Bwana. Nitawasindikiza mpaka stendi. Nauli wajilipie.