KIKOMBE CHA BURE HULIPWA NA NANI?



Kila tarehe 11 Julai, maduka ya 7-Eleven nchini Marekani hugawa bure kikombe kidogo cha Slurpee, yaani soda iliyogandishwa nusu ikawa kama barafu iliyosagwa. Desturi hiyo ilianza mwaka 2002, na tarehe ilichaguliwa kwa kuwa Wamarekani huiandika 7/11. Watoto hufurahi, na kampuni huitwa karimu. Sisi twauliza swali moja tu: ukarimu huu hulipwa na nani?

Kwanza, tusichanganye sadaka na chambo. Atoaye sadaka hatazamii kurudishiwa. Mvuvi atiaye chambo hutazamia samaki. Ajaye kuchukua kikombe cha bure hupitishwa mbele ya vitafunio, peremende na sigara, na hiyo ndiyo hesabu ya mwenye duka. Mwaka 2021 zawadi ilitolewa mwezi mzima wa Julai, lakini kwa waliojiandikisha katika programu ya simu ya kampuni. Hapo bei ilikuwa habari za mnunuzi mwenyewe na mwenendo wake wa kununua.

Pili, kinachogawiwa si maziwa wala mkate, bali ni maji matamu yenye rangi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu aipatayo mtu katika chakula cha siku, na afadhali isifike asilimia 5, yaani kiasi cha gramu 25, kama vijiko sita vya chai. Mexico iliitambua hatari hiyo, ikaanza kuvitoza kodi vinywaji vya sukari mwaka 2014. Mtoto azoezwaye ladha bure leo, kesho ataitafuta kwa fedha.

Tatu, na hapa ndipo penye uchungu, tumtazame asimamaye nyuma ya kaunta. Maduka mengi ya 7-Eleven huendeshwa na watu waliokodishwa jina la kampuni. Huko Marekani, faida ya mauzo hugawanywa kati yao na kampuni, lakini mishahara hutoka katika fungu la mwendeshaji. Umati ujapo kwa kikombe cha bure, atakayelipia mikono ya ziada ni yeye. Nayo kamba hukatika pabovu: asiyeweza kuibana kampuni humbana aliye chini yake. Mwaka 2015, huko Australia, waandishi wa habari walifichua kwamba wafanyakazi wa maduka hayo, wengi wao wanafunzi wa kigeni, walilipwa chini ya kima cha sheria. Wakarudishiwa zaidi ya dola milioni 150 za nchi hiyo. Fedha hizo hazikuwa zawadi. Zilikuwa jasho lao.

Watakuwapo watakaotujibu kwamba hakuna aliyelazimishwa, na furaha ni ya mara moja kwa mwaka. Hatuwanyimi watoto furaha yao, wala hatusemi kwamba kikombe kimoja huua. Twasema kwamba kampuni yenye maduka zaidi ya 80,000 duniani haipimwi kwa vikombe igawavyo, bali kwa ujira ulipwao chini ya jina lake. Ikitaka kugawa, na igawe; lakini isimwachie mwendeshaji gharama yoyote ya siku hiyo, itangaze waziwazi sukari iliyomo, na ihakikishe kila mfanyakazi amelipwa haki yake.

Nasi wanunuzi, kabla ya kunyoosha mkono kupokea, tumwulize anayetuhudumia kama naye amelipwa. Kutoa kilicho chako ni ukarimu. Kutoa jasho la mwingine ni dhuluma, hata likitiwa sukari.