Wauza intaneti waje wajaribu nyumbani kwetu



Naomba niwaeleze wasomaji wenzangu jambo linalotusumbua sisi tunaoishi huku Tandahimba, na naamini linawasumbua pia ndugu zetu wa Newala na Masasi. Jambo lenyewe ni namna ya kuchagua kampuni ya kutuletea intaneti na televisheni nyumbani.

Kila msimu wa korosho unapofika, minada inapoanza mwezi wa Oktoba na fedha zinapoingia benki, wanaotufuata si wauza bati na wauza pikipiki peke yao. Siku hizi wamo pia vijana wenye fulana za rangi, mwamvuli mkubwa na spika, wanaotangaza sokoni intaneti ya nyumbani na ving'amuzi. Siwalaumu, nao wanatafuta riziki. Wanajua kwamba mkulima wa korosho hushika fedha mara moja kwa mwaka, na kwamba baba mwenye fedha mfukoni na watoto pembeni hana nguvu kubwa ya kubisha.

Mimi nilikuwa mmoja wa akina baba hao. Msimu wa 2024, bei ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo katika minada ya mwanzo, nilinunua ruta. Pale sokoni niliona kwa macho yangu video inacheza bila kukwama, nikalipa ruta pamoja na mwezi wa kwanza. Kufika nyumbani, ng'ambo ya bonde, taa ikawaka nyekundu. Tukaiweka mezani, tukaiweka dirishani, tukaipandisha darini, na mwishowe mwanangu akapanda nayo juu ya mwembe. Huko juu ilishika kidogo, lakini ruta inataka umeme na mwembe hauna umeme. Niliporudi kwa wakala aliniambia kwamba chombo ni kizima, hivyo fedha hairudi, na kama nina malalamiko niende ofisini kwao Mtwara mjini. Nikapiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na siku nzima ya kazi, nikaacha. Jina la kampuni silitaji, maana sina hakika kama nyingine ingenitendea tofauti.

Kosa langu lilikuwa kuchagua kwa bei na kwa spidi iliyoandikwa kwenye karatasi, nikasahau kuuliza habari za nyumbani kwangu. Intaneti ya ruta ya laini hutoka kwenye mnara. Haijali kampuni ni kubwa kiasi gani huko Dar es Salaam. Inajali mnara uko umbali gani, katikati kuna kilima au bonde, na watu wangapi wanautumia kwa pamoja saa mbili usiku. Faiba inayoingia nyumbani kwa waya haina shida hizo, na ni kweli kwamba Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umevutwa hadi mikoa ya mbali. Lakini mkongo kupita kando ya barabara si sawa na waya kuingia sebuleni kwako. Wazee wa uwanda wa Makonde hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mradi wa maji wa Makonde ulianza tangu enzi za mkoloni, katika miaka ya 1950, maji yakisukumwa kwa pampu kutoka bondeni hadi huku juu, na tangu hapo tunajua kwamba kuliona bomba ni jambo moja, na maji kutoka ni jambo jingine kabisa.

Tena kuna habari ya umeme. Umeme ukikatika, ruta yako inazimika, na mnara nao unaanza kuishi kwa betri au jenereta. Betri zikichoka, mtandao unaondoka. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu wa huku lisiwe "bei gani?" bali liwe "umeme ukikatika jioni, mnara wenu unadumu saa ngapi?" Wakala hatakuwa na jibu. Jirani mwenye laini hiyo analo. Nenda ukakae naye usiku, siyo saa nne asubuhi watu wakiwa shamba, uone mwenyewe kama video inakwenda. Ushauri wa jirani ni bure na hauna kamisheni.

Swali la pili ni la hesabu, na hapa wengi tunaliwa. Spidi hutajwa kwa megabiti, lakini ukubwa wa filamu au wa somo la mtoto hutajwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Anayekuuzia "kumi" anakuuzia megabaiti moja na robo kwa sekunde, tena siku mtandao ukiwa mzuri. Filamu ya gigabaiti moja itachukua dakika 13 na ushee kufika. Si mbaya, ila si ile radi uliyoahidiwa kwenye spika. Na neno "bila kikomo" lisomwe kwa makini. Mara nyingi lina maana kwamba ukishatumia kiasi fulani, hawakukatii, wanakupunguzia tu spidi hadi ukate tamaa mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni bando la siku kwenye simu, la fedha kidogo kidogo. Ndugu zangu, hiyo ni kangomba. Sote tunajua hasara ya kuuza korosho kwa kangomba kabla ya msimu kwa sababu ya shida ya leo. Anayenunua intaneti kwa vipande vya siku moja moja mara nyingi hulipa zaidi kwa kila gigabaiti kuliko anayenunua ya mwezi, na isipotumika inakufa usiku ule ule.

Kwa upande wa televisheni tumekwisha umia, hivyo tungekuwa tumejifunza. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, bila king'amuzi hakuna picha. King'amuzi cha antena kinategemea mtambo wa kurushia matangazo ulio karibu. Cha dishi kinataka kuiona mbingu wazi, na mkorosho uliokomaa ukikaa mbele yake umekwisha, sembuse mvua kubwa ya Januari. Halafu mwaka 2018 TCRA iliamuru ving'amuzi vya dishi vya kulipia viondoe chaneli za bure za hapa nchini, kwa kuwa leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba. Watu waliokuwa wamenunua vyombo hivyo kwa ajili ya taarifa ya habari wakabaki wanashangaa. Hakuna muuzaji aliyewaambia mambo ya leseni siku ya kununua, wala wao hawakujua kwamba ni la kuuliza.

Nisionekane ninalaumu tu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora nchini na kwa majirani zetu, na siku hiyo hata aliyechagua vizuri aliumia. Hilo silihesabu kuwa kosa la wakala wa Tandahimba.

Wengine watauliza, mkulima anataka intaneti ya nini nyumbani? Tangu msimu huo wa 2024 korosho zetu zimeingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Mnunuzi huweka bei yake akiwa popote alipo, hata ng'ambo ya bahari, nasi wenye korosho tunangoja mtu apande mwembe atupe habari. Mwanangu wa sekondari naye ana masomo na mitihani ya miaka iliyopita ambayo wenzake wa mjini wanaifungua kitandani.

Kwa hiyo naziomba kampuni, na naiomba TCRA izisimamie, kwamba intaneti ya nyumbani isiuzwe sokoni mpaka imejaribiwa nyumbani kwa mnunuzi. Mnunuzi apewe siku saba, na isiposhika arudishiwe fedha yake pale pale alipolipia, bila kusafirishwa hadi Mtwara. Masharti hayo yaandikwe kwa Kiswahili kwenye risiti. Pia kiwepo kifurushi cha mkulima, kinacholipiwa mara moja mwezi wa Novemba na kudumu hadi msimu mwingine, maana mshahara wa kila mwezi sisi hatunao. Wasiniambie kwamba haiwezekani. Aprili 2021 bei za vifurushi zilipopanda na wananchi kulalamika, Serikali ilizisitisha mara moja.

Na wananchi wenzangu tusiogope kulalamika. Utaratibu ni kuanza na kampuni yenyewe, na isipokusikiliza unapeleka shauri lako TCRA, ukiwa na risiti yako. Mimi risiti yangu niliipoteza, ndiyo sababu naandika gazetini.

Yule kijana wa mwamvuli bado namwona sokoni, na tunasalimiana vizuri. Nimemwambia kwamba Oktoba akitaka kuniuzia kitu tena, apande pikipiki twende wote hadi nyumbani, mafuta nitaweka mimi.

Mkulima wa Korosho,
Mahuta, Tandahimba.