IYULA IPI?

Iyula ni nchi ya Wanyiha, katika nyanda za juu za Mbozi, penye mashamba ya kahawa na mahindi. Mtu akisema, "Natoka Iyula," wenyeji wamfahamu mara moja. Lakini karani ashikaye kalamu hana budi kuuliza: Iyula ipi? Maana iko Tarafa ya Iyula, na ndani yake iko Kata ya Iyula. Tarafa ina Afisa wake, amsaidiaye Mkuu wa Wilaya. Kata ina Diwani aliyechaguliwa na watu, na Mtendaji aliyeajiriwa na Halmashauri. Barua ya huyu ikifika kwa yule hulala mezani, na mwenye shida hungoja.

Jina la Songwe lina mashaka zaidi. Ni mto utengao nchi yetu na Malawi. Ni Mkoa, ambao makao yake ni Vwawa. Ni Wilaya, ambayo makao yake ni Mkwajuni. Tena Kiwanja cha Ndege cha Songwe kimo katika Mkoa wa Mbeya.

Mipaka nayo hubadilika. Mwaka 2012 Wilaya ya Momba ilikatwa kutoka Mbozi. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulikatwa kutoka Mbeya. Watu wa Iyula hawakuhama nyumba zao, ila anwani zao zilibadilika. Baba ana karatasi isemayo Mkoa wa Mbeya. Mwanawe, aliyezaliwa nyumba ile ile, ana cheti kisemacho Songwe. Zote mbili ni kweli. Basi twasikitika mtu wa namna hii anaporudishwa kwao kwa kuambiwa kuwa karatasi hazipatani. Nauli ya Vwawa si kitu kidogo kwa mkulima, na siku ya palizi ikipotea hairudi.

Kwa hiyo twawasihi wenzetu mambo matatu. Kwanza, anwani iandikwe kamili: kitongoji, kijiji, kata, tarafa, wilaya na mkoa. Pili, karatasi ya zamani isomwe kwa mipaka ya mwaka wake. Tatu, pakiwa na shaka, karani amwulize Mtendaji wa Kijiji au Mwenyekiti wa Kitongoji, wanaomjua mtu wao, kabla ya kumrudisha mtu huyo.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haki ya mtu nayo ni mali yake, na daftari limo mikononi mwetu.