Nyumba Kwanza, Mgeni Baadaye

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari ya tangi la samaki lililoko katika ukumbi wa madrasa yetu, hapa Mombasa. Ndani ya habari hiyo mna kosa, na mwenye kosa ni sisi wenyewe. Tumeona ni afadhali mlisome kwa kalamu yetu kuliko kulisikia barazani.

Kijana mmoja aliyesoma kwetu, ambaye leo ni mjuzi wa kufuga samaki wa baharini, alitujia akasema kwamba angependa kuweka ukumbini tangi la kioo la lita 300, ili wanafunzi wapate kuona yaliyomo mwambani. Watoto wetu wakaa karibu na bahari, lakini wengi wao hawajapata kutazama chini ya maji. Tukafurahi, tukamwuliza ataweka nini. Akataja anemoni, na jozi ya samaki wanaoishi naye.

Anemoni ni mnyama, ingawa kwa umbo lake wengi humdhania ua. Hujishika jiweni kwa mguu wake, na kinywa chake kimezungukwa na minyiri yenye sumu inayochoma. Samaki mdogo akiigusa hunaswa akaliwa. Lakini ziko jinsi thelathini hivi za samaki ambao hulala ndani ya minyiri hiyo wala wasidhurike. Katika pwani yetu wako wenye mwili wa rangi nyeusi ya kahawia na mistari miwili myeupe, na wako wa rangi ya chungwa hafifu wenye mstari mweupe mgongoni. Samaki hupata ngome. Anemoni naye hupata mlinzi wa kuwafukuza samaki wanaomla, na uchafu wa mlinzi huyo huwa chakula cha mwani mdogo mno uliomo mwilini mwake. Mwani huo nao, ukipata nuru, humlisha anemoni.

Kijana akatwambia: "Maalim, maji tutatia leo. Samaki wataingia baada ya wiki sita, na anemoni baada ya miezi sita au zaidi." Ilhali sisi tulikuwa tumekwisha waahidi wazee wa watoto kwamba tangi litafunguliwa sikukuu ya Idi, nayo ilikuwa imebakia wiki tatu! Tukamwambia kwamba maji ni safi, yaonekana mpaka chini, twangojea nini? Akajaribu kutueleza mara mbili. Mara ya tatu tukamkatiza. Naye, kwa adabu tuliyomfunza sisi wenyewe, akanyamaza akatii.

Alilotaka kutueleza ni hili. Uchafu wa samaki na masazo ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Ndani ya tangi wa kuiondoa ni bakteria, viumbe visivyoonekana kwa macho, wakaao katika mawe na mchanga. Wako wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu. Na wako wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni machache na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzaana wakatosha. Na hata wakiisha kutosha, tangi jipya halitulii upesi: maji hupungua kwa joto na chumvi ikabaki, ikazidi. Samaki huweza kustahimili mageuko hayo kidogo. Anemoni ni dhaifu zaidi. Basi kumbe nyumba ya viumbe hawa si kile kioo tulichokuwa tukikipangusa. Nyumba yao ilikuwa haijajengwa bado.

Siku ya Idi watoto walishangilia. Siku ya tano anemoni aliachia jiwe, akawa anatangatanga. Siku ya nane rangi ilikuwa imemtoka na kinywa kimeachama. Anemoni akifa huoza upesi, akayatia sumu maji yote. Alfajiri tulimkuta samaki mdogo amekufa. Mkubwa kijana alimwokoa ndani ya ndoo ya maji ya bahari. Mtoto mmoja wa darasa la chini akatuuliza: "Maalim, nani kawaua?" Siku ile hatukumjibu. Tulimjibu siku ya pili, mbele ya darasa zima na mbele ya yule kijana: ni sisi.

Tumewasomesha watoto miaka mingi kisa cha mwanamke aliyemfungia paka hata akafa, tukidhani ni habari ya watu wengine.

Pengine mtu atasema: mnyama duni huyu, angeishi siku ngapi? Mwaka 1828, huko Uskoti, Sir John Dalyell alimtoa anemoni mmoja wa bahari ya baridi katika miamba ya North Berwick, akamweka ndani ya chupa ya kioo. Dalyell alikufa mwaka 1851, na anemoni akapita mikononi mwa walezi wengine, kila mmoja akimbadilishia maji. Alizaa watoto mamia, na watu wakamwita Bibi. Alikufa mwaka 1887, baada ya miaka 59 chupani. Hiyo ndiyo amana.

Kijana wetu alianza upya, na safari hii sisi ndio tulionyamaza. Kila wiki aliyapima maji, na chumvi ilipozidi aliongeza maji matamu. Samaki mkubwa alirudishwa maji yalipokuwa tayari, akaishi vyema bila ya anemoni. Jinsi hii hukua kwanza wakiwa madume, na aliye mkubwa katika jozi hugeuka jike. Kwa hiyo alitafutiwa mwenzi mdogo kuliko yeye, wasije wakagombana. Mwezi wa nane aliletwa anemoni. Taa yenye nguvu ilikwisha tundikwa, na mdomo wa pampu ulikwisha zibwa kwa wavu asije akavutwa. Siku tisa samaki walimpitia kando. Siku ya kumi, wakati wa darasa la asubuhi, jike aliingia katikati ya minyiri akatulia, na mwenziwe akamfuata.

Enyi vijana mnaotaka kufuga, msichukue kitu katika hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizowekwa tangu mwaka 1968. Nunueni kwa mwenye kibali, na msinunue kabla ya nyumba kuwa tayari. Nanyi wazee wenzetu, kijana anayejua kazi yake akisema "bado", msikilizeni. Kunyamaza kwake kwa adabu si dalili kwamba ninyi ndio mliosema kweli.