MAMBO YA NYUMBANI: Sanduku la babu wa Nkombo

Mwezi huu tunaomba ruhusa tuseme juu ya sanduku. Si la nguo, ni la vyombo vya kazi, na kidogo tu litugombanishe kabisa sisi watoto wa tumbo moja.

Babu yetu alikuwa fundi wa mitumbwi Nkombo. Kwa asiyepajua, Nkombo ni kisiwa cha Ziwa Kivu, upande wa Rusizi, ile tuliyozoea kuita Cyangugu. Watu wake wanasema Kimashi nyumbani, Kinyarwanda shuleni na Kiswahili sokoni, maana Bukavu na Ijwi ni hapo tu. Kule mtu ni mvuvi, au anamfanyia mvuvi kazi. Wavuvi wa sambaza wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, taa zinawaka usiku kucha, na wanapiga kasia huku wakiimba. (Sambaza wenyewe ni wageni pale. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kumbe hata samaki anahamishwa!)

Sanduku babu alilitengeneza kwa mbao za mtumbwi uliochakaa. Alisema ubao mpya ni wa mteja. Matundu ya misumari ya zamani aliyaziba kwa vijiti, mpaka leo unaweza kuyahesabu kwa kidole. Bawaba ni vipande vya tairi. Ndani mlikuwa na tezo, msumeno, patasi mbili, keekee, jiwe la kunolea, na randa, ile wengine hapa wanaita rabo. Baba alivirithi akaenda navyo Bukavu, akawa fundi wa vitanda na milango.

Mwaka 2004, mwanzo wa mwezi wa sita, Bukavu ilipochafuka, tulivuka kwa mtumbwi uliojaa watu. Mwenye mtumbwi akasema sanduku litupwe majini, chuma kitatuzamisha. Baba alililipia nauli kama mtu mzima. Mama alinuna njia nzima: godoro limeachwa, vyuma vimepanda! Lakini wiki ya kwanza kambini baba alitengeneza kitanda cha jirani akalipwa unga, na mama hakuyarudia tena yale maneno.

Tumewahi kusoma kwamba mwaka 1936 mkulima wa kisiwa cha Gotland, Uswidi, akilima mahali palipokuwa ziwa zamani, jembe lake lilikwama kwenye sanduku la mbao. Ndani na pembeni yake palikuwa na vyombo vya seremala na mhunzi, zaidi ya 200, vya miaka kama 1000 iliyopita. Mwenyewe hajulikani. Wengine wanadhani alizama nalo au lilimponyoka majini. Tuliposomeana habari hiyo nyumbani, mama alisema, "Huyo alikosa nauli."

Baba alifariki mwaka 2011, sanduku likaenda kwa yaya wetu, kaka mkubwa, kama desturi ilivyo. Halafu mwaka 2016 yaya akaitwa na IOM, safari ya Marekani. Mfuko wa kilo 23, sanduku lenyewe linapita hapo. Yaya akaleta mnunuzi, bei ya mbuzi wawili, akasema tugawane. Baba mdogo naye akasema apewe yeye, kwa sababu aliyebaki na mikono ya kazi ni dada yetu, na vyombo vya mwanaume, eti, havirithiwi na msichana. Tuseme ukweli, baadhi yetu tulishaanza kuhesabu ile hela.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa tezo, akaliweka mkekani, akauliza, "Nani hapa amelinoa mwezi huu?"

Kimya. Wote tulijua ni dada. Tangu baba akiwa hai ndiye aliyekuwa anamshikia ubao, na viti vingi vya mtaa wetu ametengeneza yeye. Sisi wengine hata kuifunga ile randa hatujui. Mnunuzi akaaga. Baba mdogo alikaa miezi bila kuja kula kwetu, na tusidanganyane, mpaka leo salamu yake ni fupi.

Yaya aliomba kitu kimoja tu. Akapewa chuma cha tezo bila mpini, tukakizungushia kitenge akakiweka katikati ya nguo. Huko anafanya kazi ya kukata nyama, kwenye baridi. Amekitia mpini wa mti ambao hajui jina lake. Hana cha kuchonga, lakini anasema Jumapili anakinoa.

Dada alilia, si kwa sababu ya mapenzi tu: tezo ndilo alilokuwa analitumia kuliko vyote. Mhunzi alimfulia jingine, naye analilalamikia kuwa jepesi, linaruka kwenye mkaratusi. Mengine anayatunza. Kila jioni anafuta vumbi, anapaka mafuta kidogo, na masika hii kafunga kila kimoja kwa kitambaa kikavu, maana sanduku likilala chini kwenye udongo, asubuhi msumeno una kutu.

Anatuma ombi kwa wasomaji: mwenye kipande cha springi ya gari, nene, amletee nyumbani. Atalipa kigoda.